Walipungua Watatu

Wazee wangu mlioketi mbele, dada zangu mliotoka kazini moja kwa moja na sare bado mwilini, vijana mliosimama kule nyuma, asanteni kwa kuja kujiandaa kubisha milango ya majirani kwa ajili ya mchujo wa Democratic.

Nianze na jioni moja ya Jumatatu, tarehe 3 Februari 2020, kule Iowa nilikokuwa nikiishi kabla ya kuhamia hapa Louisville. Siku hizo chama cha Democratic kule Iowa hakikuwa kikitumia sanduku la kura kumchuja mgombea urais. Wanachama wa mtaa mmoja walikutana ukumbini saa moja jioni, kila mmoja akaenda kusimama kwenye kona ya mgombea wake, wakahesabiwa vichwa. Kundi lisilofikisha asilimia 15 ya waliohudhuria lilikuwa limeanguka, na watu wake walitakiwa kujiunga na kundi lingine au kurudi nyumbani.

Kwetu tulikuwa watu 92 ndani ya ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Makoti yalirundikwa jukwaani, watoto wanakimbizana chini ya goli la mpira wa kikapu. Asilimia 15 ya 92 ni 13.8, maana yake walihitajika watu 14. Mgombea wetu, ambaye leo simtaji kwa sababu sikuja kumnadi yeye, alipata 11.

Walipungua watatu.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kirundi, mtunza wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, ambaye nilikuwa nimebisha mlangoni kwake mara tatu. Kila mara alinikaribisha chai ya maziwa, na kila mara aliniambia maneno yale yale: “Mwanangu, huyo ndiye ninayemtaka. Anaongea habari za kazi yetu kama mtu aliyelala zamu na mimi. Lakini hawezi kushinda.” Usiku ule alisimama kwenye kona iliyojaa kuliko zote. Tulipotangaza kwamba tumebaki kumi na moja nilimwona akigeuka kututazama, kadi yake ikiwa imeshatiwa saini. Na kanuni ya mwaka ule ilikuwa wazi: aliyekuwa kwenye kundi lililotimiza asilimia haruhusiwi kuhama.

Nje, tukikwangua barafu kwenye vioo vya magari, alinifuata. “Kumbe mlibakiza watatu tu? Ningejua ningekuja mimi na mzee.”

Hilo neno, “ningejua”, ndilo lililonileta mbele yenu leo. Mama yule hakukosa imani na mgombea. Alikosa mtu wa kumwambia jinsi hesabu inavyokwenda, na mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikunywa chai yake mara tatu nikimsifia mgombea ambaye yeye tayari alikuwa anampenda. Sikumwambia habari ya asilimia 15 hata mara moja.

Sisi tumelelewa na “wengi wape”. Tunaotoka Tanzania tumezoea mchujo unaofanyika juu. Mwaka 2015 CCM ilikuwa na watu 38 waliorudisha fomu za kuomba urais. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, Mkutano Mkuu ukachagua mmoja. Mwanachama wa kawaida wa Korogwe aliyasikia majina redioni. Ukikulia hapo, unajifunza kusoma upepo: nani anapendwa na wakubwa, nani atapita. Hiyo ni akili nzuri mahali pake. Ukija nayo huku kwenye mchujo wa Democratic inakupoteza, kwa sababu huku anayechuja ni wewe.

Nataka tutofautishe vitu viwili ambavyo watu wetu huvichanganya. Uchaguzi mkuu wa Novemba, karibu kila jimbo humpa mshindi kura zake zote za urais. Hapo hoja ya kutopoteza kura ina uzito, na mimi mwenyewe Novemba huwa napiga kura kwa woga kama kila mtu. Lakini mchujo wa Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano. Mgombea akifikisha asilimia 15 kwenye jimbo, au kwenye eneo moja la ubunge, anapata wajumbe wake hata kama ameachwa mbali. Wajumbe hao ndio wanaopiga kura ya kumteua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama, wana sauti kwenye kanuni na kwenye ilani, na aliyeongoza hulazimika kuzungumza nao.

Utaratibu huu una historia yake, na historia hiyo imeandikwa na watu walioshindwa.

Mwaka 1968 seneta Eugene McCarthy wa Minnesota alimkabili rais aliyeko madarakani, Lyndon Johnson, kwa sababu ya vita vya Vietnam. Wanafunzi waliomuunga mkono walinyoa ndevu na kupunguza nywele ili wazee wa New Hampshire, jimbo la mchujo wa kwanza, wawafungulie milango. Tarehe 12 Machi McCarthy akapata kama asilimia 42, Johnson 49. Alishindwa. Siku 19 baadaye rais akalihutubia taifa na kusema hatagombea tena. Uteuzi hatimaye ulikwenda kwa Hubert Humphrey, makamu wa Johnson, ambaye hakushindana kwenye mchujo wowote, na hasira za jambo hilo ndizo zilizokilazimisha chama kuandika upya kanuni zake na kumpa mwanachama wa kawaida nguvu aliyo nayo leo.

Halafu Shirley Chisholm. Hapa naomba mnivumilie, nitakaa kidogo.

Alizaliwa Brooklyn mwaka 1924, mtoto wa wahamiaji, baba mzaliwa wa Guyana, mama wa Barbados. Wazazi walipobanwa na maisha walimpeleka Barbados akalelewa na bibi yake, kisha akarudi New York. Ni watu wangapi humu ndani wamempeleka mtoto kwa bibi ili wapate kusimama? Mwaka 1968 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani. Tarehe 25 Januari 1972, akiwa kanisani Brooklyn, akatangaza kwamba anagombea urais.

Kila aliyemsikia alijua hawezi kushinda. Yeye pia alijua. Wanaume wengi wa vyama vya watu Weusi walimwona ameruka foleni. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakidai usawa walimsifu jukwaani, kisha wakaenda kumfanyia kazi mpinzani wake, seneta George McGovern. Fedha hakuwa nazo. Alipoachwa nje ya midahalo ya televisheni alikwenda mahakamani akapewa nafasi yake hewani. Gavana George Wallace wa Alabama, mtetezi mkubwa wa ubaguzi, naye mgombea mwenzake, alipopigwa risasi mwezi Mei, Chisholm alikwenda kumjulia hali hospitalini, na wapiga kura wake mwenyewe wakamkasirikia. Miaka miwili baadaye, Bunge lilipokuwa likijadili kima cha chini cha mshahara kwa wafanyakazi wa majumbani, Wallace alimsaidia kupata kura za wabunge wa Kusini. Dada zangu mnaofanya usafi katika nyumba za watu, sheria hiyo ya 1974 inawahusu.

Kwenye mkutano mkuu wa Miami Beach, Julai 1972, Chisholm alipata kura 152. McGovern alihitaji 1,509 ili ateuliwe, naye akazipata. Na si kura zote 152 alizivuna mwenyewe. Humphrey, ambaye mwaka huo naye aligombea, aliwaachia wajumbe wake Weusi wampigie Chisholm. Nayasema haya kwa sababu tukienda milangoni na habari iliyotiwa chumvi, mwenye nyumba akigundua atafunga mlango, na atakuwa na haki.

Lakini zipo hesabu nyingine. Kule Oakland, California, kulikuwa na mwanafunzi wa chuo, mama wa watoto wawili, ambaye hata kujiandikisha kupiga kura hakuwa amejiandikisha. Chisholm alipokuja chuoni kuhutubia alimhimiza ajiandikishe. Binti yule akajiandikisha, akaifanyia kampeni kazi. Jina lake Barbara Lee. Mwaka 1998 aliingia Bungeni. Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, akawa mbunge pekee aliyepinga kumpa rais ruhusa ile pana ya kutumia nguvu za kijeshi, kura 420 kwa 1. Mwaka 2025 wakazi wa Oakland wakamchagua meya. Kampeni “iliyoshindwa” bado ilikuwa inazaa matunda miaka 53 baadaye.

Sasa njooni kwa Jesse Jackson, mchungaji Mweusi na mpigania haki za raia aliyegombea urais mara mbili. Mwaka 1984 alipata kura zaidi ya milioni tatu, karibu asilimia 18, lakini sehemu yake ya wajumbe ikawa ndogo kuliko sehemu yake ya kura, kwa sababu kanuni za majimbo mengi zilimpendelea aliyeongoza. Mwaka 1988 akarudi, akapata karibu milioni saba. Wazee wa chama walimwambia yameisha, aondoke. Akabaki mpaka California, mwezi Juni. Alibaki kwa sababu kila mjumbe aliyeongezeka ulikuwa uzito kwenye meza ya mazungumzo. Mazungumzo yale yakazaa makubaliano: kuanzia 1992, kila jimbo ligawe wajumbe kwa uwiano wa kura.

Miaka 20 ikapita. Tarehe 5 Februari 2008, Hillary Clinton alishinda New Jersey, jimbo lililopiga kura zaidi ya milioni moja upande wa Democratic, akamzidi Barack Obama kwa wajumbe 11. Usiku huo huo, Idaho, jimbo ambalo Wademocrat wake hata hawatajwi, watu kama elfu 21 walikwenda kwenye mikutano ya mitaa na kumpa Obama wajumbe 15 kwa 3. Faida ya 12. Idaho ikaizidi New Jersey! California nayo Clinton alishinda, lakini Obama aliondoka na wajumbe 166. Kama mshindi angekuwa anachukua wajumbe wote, mtoto wa mzee wa Kogelo angekuwa na hesabu nyingine kabisa asubuhi ile. Tulipocheza ngoma Novemba 2008, kutoka Kisumu hadi hapa, tulikuwa tunavuna alichopanda mtu aliyeambiwa mara mbili kwamba hawezi kushinda.

Basi mkibisha mlangoni na kuambiwa “hawezi kushinda”, msibishane. Msiseme “atashinda”. Mwenye nyumba anajua kwamba hamjui. Muulizeni kwanza: kama kura ingekuwa ni yako peke yako, ungempa nani? Nyamazeni. Mwacheni aseme mwenyewe. Akishataja jina, mwambieni asilimia 15, mwambieni inachonunua: wajumbe, sauti, kipengele cha ilani. Tumieni namba ndogo. Ukimtajia milioni atajiona tone la mvua, lakini ukimwambia mtaa wetu ulipungukiwa na watu watatu ataanza kuwahesabu watu wa nyumbani kwake.

Mgombea anayeongoza msimtukane hata kidogo. Novemba tutarudi kwenye mlango ule ule kumwombea kura, na watu wetu wana kumbukumbu ndefu. Na atakayekujibu kwamba amepima na mgombea wako hamfai, mshukuru, unywe chai yake, uende zako. Tunayemtafuta ni yule ambaye moyo wake uko huku na miguu inaelekea kule.

Najua wengine mnawaza kwamba Kentucky hupiga kura Mei, majimbo mengi yakiwa yameshamaliza, mshindi ameshajulikana. Mimi nalichukua hilo kama nafuu kwetu. Mwenye shaka hana tena hofu ya kuharibu mambo, na mjumbe wa Mei huhesabiwa sawasawa na wa Februari.

La mwisho, na tafadhali liandikeni. Ndugu zenu wa Columbus, Ohio, au wa Houston, wao huchagua siku yenyewe watapigia mchujo wa chama gani. Hapa kwetu si hivyo. Kentucky, kama tayari umejiandikisha kupiga kura na unataka kuingia kwenye mchujo wa Democratic wa Mei, lazima jina lako liwe limesajiliwa kwa chama hicho kabla ya mwaka kwisha, tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia. Ukikumbuka kubadili chama Januari umechelewa. Wengi wetu tulipoapa uraia tulijaza fomu ya kujiandikisha kwa haraka, mahali pa chama tukapaacha wazi au tukaweka alama yoyote. Meza iko pale kwenye mlango wa kutokea, kuna dada wawili wenye kompyuta; mpe jina na tarehe ya kuzaliwa, akuangalizie umeandikwa nini. Wazee waanze.