Gavana, mashine ya kusaga na umeme wetu wa Mtwara

Haya jamani karibuni, mliosimama huko nyuma sogeeni mbele viti vipo, jua la leo halina adabu. Wangapi hapa mmekulia kijijini kwenye mashine ya kusaga ya dizeli, zile Lister zenye gurudumu zito ubavuni? Naona mikono mingi. Basi frikwensi mnaijua tayari ila hamkuwahi kuiita hivyo. Mama akimwaga debe la mahindi kwa mkupuo mashine inaguna, mlio unashuka, halafu taratibu unapanda tena. Ule mlio ndio frikwensi. Gurudumu ndilo linalofanya isizime palepale, maana lina nguvu iliyohifadhiwa kwenye kuzunguka, na kile kidude kinachoongeza dizeli mlio ukishuka ndiyo gavana. Umeme wote wa nchi ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mashine zote zimefungwa pamoja na lazima ziimbe sauti moja, hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde.

Sasa sisi Mtwara na Lindi kwa miaka mingi tulikuwa kisiwa, nje ya gridi ya taifa, tunakula gesi ya Mnazi Bay kwenye mashine ndogondogo za kama megawati 2 kila moja. Tupige hesabu ya mfano. Mashine 8 zinafanya kazi, kila moja imebeba megawati 1.5, jumla 12. Moja inatripu, yaani inajitoa ghafla. Saba zilizobaki zina nguvu ya mzunguko ya, tuseme, sekunde 1 tu, yaani iliyohifadhiwa kwenye kuzunguka ingetosha kubeba mzigo kamili kwa sekunde 1, maana mashine za gesi ni nyepesi. Frikwensi inaanza kushuka kwa zaidi ya hezi 2.5 kwa sekunde. Kama relei, zile swichi zinazokata mzigo zenyewe, zimesetiwa hezi 48.5, una nusu sekunde na kidogo hivi kabla fida ya kwanza, yaani laini ya kupeleka umeme mtaani, haijakatwa. Nusu sekunde! Opereta hajaweka hata kikombe cha chai chini.

Kwa hiyo anayekuokoa ni gavana peke yake. Ikiwa na drupu ya asilimia 4, maana yake frikwensi ikishuka hezi 2 mashine inatoka sifuri mpaka mzigo kamili, basi zile saba zinagawana megawati 1.5 iliyopotea na mlio unatulia kama 49.8. Hautarudi 50 wenyewe, hapo watu wengi wanakosea, gavana inazuia kuanguka tu, kurudisha 50 ni kazi ya hatua ya pili, opereta au kompyuta inayoongeza gesi polepole.

Nilishawahi kuaibika hapa niwaambie ukweli. Niliunda modeli ya kompyuta ya kituo kimoja kidogo, nzuri kabisa, grafu inashuka kidogo inatulia, nikajisifu. Siku mashine ilipotripu kweli frikwensi ikaporomoka na mtaa mzima ukawa giza, nikaja kugundua mashine 3 zilikuwa zimewekwa kwenye mzigo usiobadilika, gavana ipo ila haijibu, na mimi kwenye modeli niliziweka zote zinajibu kwa sababu kitabu cha mashine kilisema hivyo! Tangu hapo siamini modeli mpaka niilaze juu ya rekodi ya tripu halisi, mstari kwa mstari, na kama haifanani natafuta uongo uko wapi.

Kaka pale ameuliza, tukiwa ndani ya gridi si tumepona? Tripu yetu ya megawati 1.5 gridi haitaisikia hata. Lakini na sisi tutasikia za wenzetu. Bwawa la Nyerere lina mashine 9, kila moja megawati 235. Moja ikitoka usiku wa manane mzigo ukiwa mdogo, mlio unashuka mpaka Mikindani kwa wakati uleule unaoshuka Mwanza. Na ukubwa sio dawa, Uingereza tarehe 9 Agosti 2019 radi ilipiga, vituo vikatoka kwa kufuatana, frikwensi ikafika 48.8 na relei zikakatia umeme wateja zaidi ya milioni 1.

Mafundi wa jenereta za korosho, nyinyi msiondoke. Kesho asubuhi fungueni boksi la gavana muangalie imewekwa modi gani, halafu washeni mota moja kubwa ghafla na msikilize mlio unashuka kiasi gani na unachukua sekunde ngapi kurudi. Andikeni namba hizo, tukikutana wiki ijayo tuanzie hapo.