Zabibu ya Wapi?

NEEMA: Feni tumeizima ili mtusikie vizuri, kwa hiyo tuhurumieni, Dodoma mnaijua. Jumatano nilimsindikiza mjomba hospitali.

JUMANNE: Yule wa Mpwapwa? Mzee wa "ongea sikio la kulia"?

NEEMA: Huyohuyo. La kushoto linavuma, simu halisikii, sisi tukadhani nta. Picha ya MRI, ile ya kuangalia ndani ya kichwa, ikaonyesha uvimbe kwenye neva ya kusikia, chini ya ubongo. Si saratani. Daktari akasema uko kama zabibu.

JUMANNE: Zabibu ya wapi?

NEEMA: Jumanne!

JUMANNE: Swali la kitabibu hilo! Humwambii mtu wa Dodoma "zabibu" ukanyamaza. Ya Makutupora? Iliyokaushwa? Au hizi za supamaketi kutoka Afrika Kusini?

NEEMA: Mjomba naye aliuliza hivyohivyo. Daktari akageuza kompyuta, akapima: sentimita 1.8.

JUMANNE: Hombolo hiyo. Mwaka wa mvua.

NEEMA: Cheka, ila ukubwa ndio unaamua tiba. Mionzi ya kulenga, yaani inayopigwa kwenye uvimbe tu bila kupasua, hufaa zaidi uvimbe usiozidi kama sentimita 3, maana ukishapigwa unaweza kuvimba kidogo kwanza, na pale shina la ubongo liko jirani.

JUMANNE: Kwa hiyo ya supamaketi haifai.

NEEMA: Niache. Wazo ni la Msweden, Lars Leksell, mwaka 1951. Mashine yake ya Gamma Knife ina miali karibu 200 ya kobalti. Mmoja mmoja hauna nguvu ya kuunguza, ila yote inakutana palepale penye uvimbe. Kichwa kinafungwa fremu kwa skrubu nne, na ganzi, kisisogee hata kidogo. Dozi ya mionzi ni grei 12 au 13, siku moja, anarudi nyumbani.

JUMANNE: Na uvimbe unatoka.

NEEMA: Hautoki. Unazuiwa usikue, na kwa wagonjwa zaidi ya 9 kati ya 10 unazuilika.

JUMANNE: Yaani dude linabaki kichwani? Hapana, dada. Ling'olewe.

NEEMA: Neva ya uso imepita hapohapo, Jumanne. Ukipasua, mdomo unaweza kwenda upande.

JUMANNE: Na likikua baada ya mionzi? Kulipasua wakati huo ni kugumu zaidi, lishagandana na neva. Hilo alikwambia?

NEEMA: Alisema. Alisema pia tunaweza kusubiri tu, tukirudia MRI.

JUMANNE: Ndiyo mbaya kuliko zote.

NEEMA: Mzee ana miaka 64, analima, anakula. Kwa nini umfungue fuvu?

JUMANNE: Kwa sababu angekuwa baba yangu ningelala usingizi.

NEEMA: Wewe ulale, yeye apooze uso?

JUMANNE: Sijasema hivyo.

NEEMA: Ndicho ulichosema.

JUMANNE: Haya. Mimi nipo palepale.

NEEMA: Na mimi.

JUMANNE: Mwenye studio anagonga. Si tulikuwa na maswali matano ya kumuuliza daktari?

NEEMA: Hatujafika hata la kwanza. Wiki ijayo.

JUMANNE: Wiki ijayo tumeahidi bei ya mahindi Kibaigwa.

NEEMA: Basi mahindi. Kwaherini.