Nafasi ya Tatu Ina Thamani Gani? Mhadhara Kuhusu Mchujo wa Kupanda Daraja

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie mechi za mchujo wa kupanda daraja katika ligi za soka la kulipwa, yaani mechi za ziada zinazochezwa baada ya ligi kuisha ili kuamua nani apande kati ya timu zilizokosa kupanda moja kwa moja, nami nitaanzia kwenye usiku mmoja tu, tarehe 18 Mei 2023, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield.

Sheffield Wednesday walikuwa wamemaliza msimu wa daraja la tatu la Uingereza wakiwa nafasi ya tatu kwa pointi 96, ambazo katika misimu mingi zingewapandisha moja kwa moja. Wapinzani wao, Peterborough United, walikuwa wameingia kwenye mchujo kwa kushika nafasi ya sita na pointi 77. Siku sita kabla, katika mkondo wa kwanza (timu hukutana mara mbili, kila moja ikiwa mwenyeji mara moja, na mabao hujumlishwa), hao wenye pointi 77 waliwafunga wenye pointi 96 mabao manne kwa bila. Mkondo wa pili Wednesday walianza kuyarudisha mabao hayo moja baada ya jingine, na la nne lilifungwa na beki Liam Palmer katika dakika ya nane ya majeruhi, wakati mashabiki wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Muda wa nyongeza ulileta bao moja kila upande, jumla ikawa tano kwa tano, na Wednesday wakavuka kwa penalti 5-3. Fainalini, katika uwanja wa Wembley jijini London, walisubiri hadi dakika ya 123 ndipo Josh Windass alipoifungia timu yake bao pekee dhidi ya Barnsley.

Kila ninapoirudia mechi ya Hillsborough, furaha ya wenyeji inanivutia kidogo kuliko swali lililojificha nyuma yake. Timu iliyoiacha nyingine kwa pointi 19 katika mechi 46 ilidaiwa nini tena, hata hatima yake ikaamuliwa na mikwaju kutoka hatua kumi na mbili? Mchujo wenyewe siupingi. Ninachohoji ni uzito ambao waandaaji hulipatia jedwali la ligi pale mchujo unapoanza, na nitajaribu kuonyesha kwamba nchi mbalimbali zimelijibu jambo hilo kwa njia zinazotofautiana sana.

Uingereza iliwahi kuwa na mechi za namna hii tangu karne ya 19. Kati ya 1893 na 1898, timu za mkiani mwa daraja la kwanza zilikutana na zile za kileleni mwa daraja la pili ili kuamua nani acheze wapi. Utaratibu huo ulikufa kwa aibu. Mwaka 1898 Stoke na Burnley waliingia uwanjani wakijua kwamba sare ingewatosha wote wawili, na sare ndiyo waliyoicheza, bila bao na bila nia ya kulitafuta. Inasimuliwa kwamba watazamaji walichoka hata wakawa wanaukamata mpira unapotoka na kukataa kuurudisha. Ligi iliongeza idadi ya timu za daraja la kwanza kutoka 16 hadi 18, na ikaanzisha kupanda na kushuka moja kwa moja. Ikumbukwe kwamba kosa halikuwa la wachezaji peke yao, kwa kuwa walicheza kama kanuni zilivyowaruhusu.

Mchujo tunaoujua leo ulianza msimu wa 1986–87, katika kipindi ambacho viwanja vya Uingereza vilikuwa vimepoteza watazamaji wengi na klabu zilikuwa zikitafuta fedha kwa kila njia. Ulipangwa kama jaribio la miaka miwili, na ulisaidia pia kupunguza timu za daraja la kwanza kutoka 22 hadi 20, ndiyo maana hapo mwanzoni timu moja ya daraja la juu iliingizwa katika kundi moja na tatu za daraja la chini. Charlton Athletic waliokoka mwaka 1987 kwa kuwafunga Leeds United katika mechi ya tatu, baada ya mbili za kwanza kushindwa kuwatenganisha. Mwaka uliofuata Chelsea hawakuwa na bahati hiyo, maana walishindwa na Middlesbrough na kushuka daraja. Tangu 1989 mchujo ni wa timu za daraja moja tu, na tangu 1990 fainali ni mechi moja katika uwanja usio wa yeyote kati ya wawili hao.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini. Katika mfumo huo wa Uingereza, kwa mfano katika daraja la tatu, timu ya nafasi ya tatu hukutana na ya sita, ya nne na ya tano, na aliyemaliza juu hupewa upendeleo mmoja tu, nao ni kucheza mkondo wa pili nyumbani kwake. Mabao yakilingana, huongezwa dakika 30, kisha penalti. Fainalini hata upendeleo huo haupo. Kwa maneno mengine, miezi tisa ya kazi inakununulia zamu ya pili ya kuwa mwenyeji, na mimi naona hiyo ni bei ya dhuluma. Kituko kikubwa kuliko vyote kilitokea mwaka 1990: Newcastle walimaliza nafasi ya tatu wakatolewa na Sunderland waliokuwa wa sita, Sunderland wakafungwa fainali na Swindon, Swindon wakanyimwa kupanda kwa sababu ya malipo kwa wachezaji yaliyokiuka kanuni, na nafasi ikaangukia kwa Sunderland, yaani timu ya sita iliyoshindwa fainali.

Wahispania wamefanya hesabu nyingine. Kwao pia timu za nafasi ya tatu hadi ya sita huingia kwenye mchujo wa mikondo miwili, na muda wa nyongeza huchezwa, lakini penalti hazipigwi: jumla ya mabao ikiendelea kulingana, aliyemaliza juu kwenye ligi ndiye anayesonga mbele. Waitalia, katika daraja lao la pili, wamekwenda mbali zaidi. Mchujo wao hufika hadi nafasi ya nane, lakini nusu fainali ikiisha kwa sare ya jumla, timu iliyo juu hupita bila hata muda wa nyongeza, na fainalini vivyo hivyo, isipokuwa kama wawili hao walimaliza ligi wakiwa na pointi sawa. Zaidi ya hayo, timu ya tatu ikiiacha ya nne kwa pointi zaidi ya 14, mchujo haufanyiki kabisa na ya tatu hupanda. Kanuni hiyo ya mwisho naipenda kuliko zote, kwa kuwa inakiri wazi kwamba ipo tofauti ambayo haifai kupimwa upya kwa mechi mbili.

Ujerumani nitaipitia kwa haraka, kwa sababu huko mizani imeelemea upande mwingine. Timu ya 16 ya daraja la juu hucheza na ya tatu ya daraja la pili, mikondo miwili, na mshindi hukaa juu. Kati ya 2009 na 2025 timu ya chini ilifaulu mara tatu tu: Nürnberg mwaka 2009, Düsseldorf mwaka 2012 na Union Berlin mwaka 2019. Mwaka 2014 Hamburg walinusurika dhidi ya Greuther Fürth bila kushinda mechi hata moja, kwa sare mbili na bao la ugenini, ambalo wakati huo lilikuwa na uzito zaidi jumla ya mabao ikilingana. Mtu aweza kusema kwamba ubora umeamua, na kwa kiasi fulani ni kweli, ila tusisahau kwamba ubora huo umenunuliwa kwa mapato ya daraja la juu.

Wapo watakaoniuliza kwa nini basi tusiufute mchujo tukabaki na jedwali. Jibu langu ni kwamba mchujo unafanya kazi ambayo jedwali peke yake haliwezi. Bila huo, timu iliyo nafasi ya kumi mwezi Machi haina la kupoteza wala la kupata; kocha huanza kuwapumzisha wachezaji, na wanaokabiliana nayo wiki hizo hupata pointi za mteremko, jambo linalowadhulumu hata wale wa kileleni. Nafasi ya sita inapokuwa mlango, nusu ya ligi hubaki hai hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo mlango na ubaki wazi. Ninachotaka ni kwamba anayeingia kwa mlango wa sita alazimike kumshinda wa tatu uwanjani, asipewe nafasi ya kumtoa kwa kutoshana naye.

Kwa kanuni ya Kiitalia, Wednesday wangemaliza kazi dakika ileile Palmer alipofunga. Na mtihani mgumu zaidi wa hoja yangu ni fainali ya Wembley ya mwaka 1998, ambayo wengi huihesabu kuwa bora kuliko zote. Sunderland walikuwa wa tatu kwa pointi 90, Charlton wa nne kwa pointi 88. Mechi iliisha nne kwa nne baada ya dakika 120, huku mabao matatu ya Charlton yakifungwa na Clive Mendonca, aliyekulia mjini Sunderland. Penalti 13 mfululizo zikaingia. Ya 14 ilipigwa na Michael Gray, beki wa Sunderland na mzaliwa wa mji huohuo. Aliupiga mpira kwa ulegevu, na kipa Saša Ilić akaudaka. Kanuni ninayoitetea ingewapandisha Sunderland na kutunyima penalti hizo zote, nami nakubali gharama hiyo. Msimu uliofuata Sunderland walitwaa ubingwa wa daraja lao kwa pointi 105 na kupanda, na Charlton wakashuka.