Kuondoa sakitu kwenye vioo vya gari asubuhi ya baridi

Ndugu watazamaji, hamjambo, na karibuni tena hapa Leipzig, Ujerumani. Kipimajoto asubuhi hii kinaonyesha nyuzi 2 juu ya sifuri, wala si chini, na bado gari langu lililolala nje limefunikwa sakitu, yaani tabaka jembamba la barafu. Wenzetu wa Njombe na Makete wanaifahamu. Usiku usio na mawingu, kioo hupoteza joto hadi kikawa baridi kuliko hewa inayokizunguka, na unyevu unaokigusa huganda hapo hapo.

Najua mtaniuliza kwa nini nisiwashe injini, nirudi ndani kunywa chai, kisha nije nikute barafu imeyeyuka. Sheria za barabarani za hapa zinakataza kuacha injini ikinguruma bila sababu, na faini yake ni yuro 80. Isitoshe, kuipasha injini moto ikiwa imesimama kulifaa zaidi zama za kabureta, kile kifaa cha kuchanganya mafuta na hewa katika injini za zamani. Injini ya kisasa hupata joto upesi ikiendeshwa taratibu kuliko ikiwa imesimama, maana ikisimama haina kazi ya kuitia joto. Kwa hiyo nakwangua kwanza, kwa kikwangulio cha plastiki, kwani cha chuma huchora kioo. Wipa zilizoganda sizing'oi kwa nguvu, na maji ya moto siyakaribishi kabisa, kwa sababu kioo chenye baridi kikimwagiwa huweza kupasuka. Wapo wanaotoboa kitundu cha kuchungulia na kuondoka hivyo, mithili ya askari ndani ya kifaru. Hao hutozwa yuro 10, adhabu ambayo mimi naiona ndogo mno.

Sasa nimewasha injini, na mara moja nawasha kiyoyozi. Msishangae. Dar es Salaam tunakitafuta kwa ajili ya ubaridi, lakini hapa tunakihitaji kikaushe hewa: unyevu wa pumzi zetu hunaswa kwenye mabomba yake baridi, kisha hewa iliyokauka hupashwa moto na kupulizwa kiooni, na ukungu hutoweka haraka. Baridi ikizidi, kompresa, yaani pampu ya kiyoyozi, hujizima yenyewe, na hapo tunabaki kutegemea hewa ya moto inayoingizwa kutoka nje, bila kuizungusha ile ya ndani. Mazulia ya miguuni yaliyolowa theluji huyatoa jioni yakauke, kwa kuwa maji yake ndiyo hugeuka sakitu ya upande wa ndani, na kuikwangua hiyo ukiwa umejikunja nyuma ya usukani ni adha tupu.