Hasidi Mgongoni: Wiki ya Kwanza ya Isha Ofisini

ISHA: Asalaam aleikum, wasikilizaji wetu, hamjambo wote. Leo Kombo hatasalimu dakika kumi, kwa sababu chumba tumeazimwa mpaka watoto watoke madrasa.

KOMBO: Waaleikum salaam. Dadangu katupa chumba, katupa na sharti. Haya, hiyo karatasi mkononi?

ISHA: Mambo matano ambayo mtu anayeanza atachimenti, yale mazoezi ya kazi ya wanafunzi, lazima ayajue kabla hajakanyaga ofisi ya watu. Nimeyaandika jana kwenye feri.

KOMBO: Feri ya saa kumi na moja jioni? Ulipata wapi pa kuandikia?

ISHA: Mgongoni kwa mtu. Hata hakugeuka.

KOMBO: Kwa asiyejua, na sijui ni nani maana umetangaza mpaka Kongowea, Isha ameanza kazi.

ISHA: Si kazi! Usinitafutie wakopaji mtaani. Kazi ina mshahara, mimi nina logibuku, daftari la kuandika nilichofanya kila siku. Na hilo ndilo la kwanza kwenye karatasi. Ukiwa bado mwanafunzi ni atachimenti: miezi mitatu, mwalimu aje akukague, logibuku ipigwe muhuri, kwaheri. Ukishamaliza chuo ndipo kuna intanshipu, na ile ya serikali huwa mwaka mzima, na posho juu. Watu huchanganya, wakaandika barua ya kuomba isiyo yao, halafu wanalia hawajibiwi.

KOMBO: Mimi wale wa mtandaoni huwasikia wakisema intanshipu ya majira ya joto.

ISHA: Joto gani? Kwa Wamarekani ndiyo joto. Hapa Mei mpaka Agosti ni kusi, mvua ya ubavuni, watu wanatoa mablanketi. Na hiyo baridi ndiyo iliyonitia matatani.

KOMBO: Hapo sasa. Weka karatasi chini, tueleze ya leso, ile kanga ya mama yako.

ISHA: Leso si miongoni mwa yale matano.

KOMBO: Leso ndiyo yote matano. Eleza.

ISHA: Haya. Ofisi ni ya kliaringi, wale wa kutoa mizigo bandarini, iko Moi Avenue hapa Mombasa, jina silitaji. Nimepewa meza chini ya kiyoyozi, na kiyoyozi kiko digrii 18. Rimoti nimeuliza iko wapi, kila mtu ananionyesha mtu mwingine. Jumatatu nimetetemeka mpaka naandika namba ya kontena mwandiko kama wa mzee wa miaka tisini. Jumanne alfajiri, kabla ya kwenda kuvuka, nikachomoa leso ya mama kambani. Gizani. Sikuwasha hata taa.

KOMBO: Gizani, enhe.

ISHA: Gizani, Kombo! Kwenye feri nikajifunika mvua, ofisini nikajitanda mabegani. Nikaikunja, upande mmoja nikaukalia. Sasa nyuma yangu kuna mama mmoja, ndiye mkongwe wa chumba kile, faili zote anazijua kama watoto wake. Tumwite Mama Faili. Jumatatu alikuwa amenikalisha vizuri, akanifunza namba ya kontena: herufi nne, tarakimu saba, na ile tarakimu ya mwisho ni ya kukagua tu, inatokana na hesabu ya zote zilizotangulia. Ukikosea moja, hesabu inakataa. Alinifundisha kwa upole, wallahi. Akanipa na nusu ya hamri lake.

KOMBO: Na Jumanne?

ISHA: Jumanne nauliza kitu, ananijibu, "Soma faili." Namuuliza tena, "Soma faili." Saa saba naenda chooni, naitoa leso mbele ya kioo, ndipo naona. Jina la leso, yale maandishi yake, ni HASIDI HANA SABABU.

KOMBO: *(anacheka)* Na upande mmoja umeukalia.

ISHA: Hana sababu nimeikalia. Iliyobaki juu ni moja tu.

KOMBO: Kwa hiyo tangu saa mbili asubuhi mama wa watu anatazama mgongo ulioandikwa HASIDI. Herufi kubwa.

ISHA: Nyeusi, juu ya manjano.

KOMBO: *(anacheka mpaka anakohoa)* Ungevaa ubao ungekuwa nafuu.

ISHA: Cheka. Halafu yule dada wa ofisi ya wafanyikazi akaja kuniambia leso si vazi la ofisi. Nikamwambia na digrii 18 si hali ya hewa ya Mombasa. Kimoyomoyo, lakini.

KOMBO: Ulimwomba radhi huyo mama?

ISHA: Kwa kosa gani?

KOMBO: Isha.

ISHA: Nilikuwa na baridi! Leso ni kitambaa.

KOMBO: Yakhe, weye ni mtoto wa Likoni unasema leso ni kitambaa? Kitambaa ni kile cha kupangusia meza. Leso ina pindo, ina mji pale katikati, ina jina. Nenda Biashara Street, pale duka la leso la Kaderdina Hajee Essak, wale wa chapa ya Mali ya Abdulla, wako tangu 1887. Simama mlangoni utazame kina mama wanavyonunua. Ua baadaye, rangi baadaye. Kwanza jina linasomwa.

ISHA: Zamani yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Yangebaki hivyo, nusu ya ofisi isingesoma.

KOMBO: Mama Faili angesoma. Sikiza, nyanya yangu alitumiwa leso na jirani, akaletewa na mtoto, imekunjwa vizuri, kama zawadi. Akaifungua, akasoma, akaikunja tena. Nyumba mbili hazikuazimana mbuzi ya nazi mwaka mzima. Tulikuwa tunatumwa mtaa wa pili kukunisha nazi, na mbuzi iko ukutani kwa jirani tunaiona. Hakuna aliyetukanwa. Hakuna aliyefungua mdomo.

ISHA: Yule jirani alinunua, akachagua, akatuma. Alitaka kusema. Mimi n'likuwa na nia gani? Neno bila nia si neno. Kasuku akikutukana utamshtaki?

KOMBO: Kasuku hajui kusoma. Weye una digrii inakuja.

ISHA: Gizani hata profesa hasomi.

KOMBO: Leso husema. Ukishaitanda umesema, hata kama ulikuwa usingizini. Nenda Jumatatu, "Mama, nisamehe, ile leso ilikuwa ya mama yangu, sikuiangalia." Mara moja, yaishe.

ISHA: Yaishe vipi? Nikiomba radhi nimekiri. Atasema, kumbe kweli alikuwa ananilenga, sasa ameogopa. Bora ninyamaze ionekane haikuwa na maana.

KOMBO: Ukinyamaza ndiyo inaonekana ina maana!

ISHA: Kwako. Wewe unayaona mafumbo mpaka kwenye mfuko wa sukari.

KOMBO: Haya. Waambie ya Alhamisi.

ISHA: Alhamisi tuiache.

KOMBO: Waambie, ama nitawaambia mimi.

ISHA: Alhamisi nimefika, kwenye mgongo wa kiti chake kuna leso. Mpya, bado ina wanga, imetandazwa hivi, jina linanitazama. MGENI SIKU MBILI YA TATU MPE JEMBE.

KOMBO: *(anapiga meza)*

ISHA: Na juu ya meza yangu rundo la faili mpaka kidevuni.

KOMBO: Jembe lenyewe! Huyo mama nampigia saluti. Kakujibu kwa mji na pindo. Na ya kwako hakuna aliyeisema, ofisi nzima inafanya kazi kimya.

ISHA: Nilizimaliza zote, kwa taarifa yako. Kontena mbili zilikuwa zimeandikwa namba vibaya, nikazikamata kwa ile tarakimu ya mwisho. Alikuja, akaangalia, akaguna.

KOMBO: Mguno wa namna gani?

ISHA: Wa pua. Lakini ona alivyo, kwa kweli. Kunitungia fumbo mtoto wa watu, mgeni wa siku nne...

KOMBO: Subiri. Subiri hapo hapo.

ISHA: Nini?

KOMBO: Leso ni kitambaa.

ISHA: Usianze.

KOMBO: Si ulisema? Kitambaa. Pengine na yeye alikuwa na baridi.

ISHA: Yake ilikuwa mpya! Ameichagua, akaitandaza, akaigeuza huku kwangu. Yangu n'liichomoa gizani.

KOMBO: Umejuaje na yeye hakuichomoa gizani? Amekuonyesha risiti?

ISHA: Kombo, leso mpya haianikwi kambani.

KOMBO: Kwa hiyo leso mpya husema, ya kambani haisemi. Andika hilo kwenye logibuku.

ISHA: Mwenye nia husema. Mara ya tatu hii.

KOMBO: Nami mara ya tatu, aliyeitanda amesema. Wasikilizaji wataamua.

ISHA: Wasikilizaji wasiamue chochote, wengi wao ni binamu zako.

KOMBO: *(anacheka)* Na mama yako kasemaje? Leso si yake?

ISHA: Mama... mama hakucheka. Aliuliza, "Huyo mama anakaa mtaa gani?"

KOMBO: Aaa! Kwa hiyo leso hiyo ilikuwa na mwenyewe.

ISHA: Ilinunuliwa kwa ajili ya mtu wa hapa mtaani, sitasema zaidi, anatusikiliza.

KOMBO: Mwaka gani? Yule wa kona?

ISHA: Kombo, dakika zinakwisha na sijasema hata la pili. Bima! Watu hufukuzwa mapokezi siku ya kwanza kwa sababu ya karatasi ya bima ya ajali. Iombeni chuoni mapema, msingoje wiki ya mwisho, na mwende na nakala mbili, kwa sababu moja itapotelea...

KOMBO: Watoto hao. Nawasikia ngazini.

ISHA: La tatu ni la chakula cha mchana, hilo ni refu.

KOMBO: La tatu wiki ijayo. Jumatatu unajitanda nini?

ISHA: Sweta ya kaka yangu. Nimeigeuza mara mbili kwenye taa, haina maandishi hata ndani.

KOMBO: Rangi gani?

ISHA: Manjano. Kwani manjano ina nini?

KOMBO: Sijasema kitu.

ISHA: Umeguna. Nimekusikia umeguna. Kombo, manjano ina nini? *(mlango unafunguka, sauti za watoto)* Asalaam aleikum, viatu nje, viatu nje jamani, huo waya usi—