Kutafuta Vekta Zilizo Sawa katika Nafasi ya Vipimo Vitatu

Karibuni. Swali letu ni hili: umepewa vekta katika nafasi ya vipimo vitatu; utaitambuaje nyingine iliyo sawa nayo, na utaianzishaje kwenye nukta unayoitaka wewe?

Vekta ni ukubwa na mwelekeo, basi. Mahali inapoanzia si sehemu yake. Kwa hiyo vekta mbili zinazoanzia mahali tofauti kabisa ni sawa iwapo namba zao tatu, za x, y na z, zinalingana kila moja na mwenzake. Mbili zikikubali na ya tatu ikakataa, hazilingani.

Andikeni A(2, −1, 3) na B(5, 1, −3). Kupata vekta AB, chukua jira (namba za x, y na z) za nukta ya mwisho utoe za nukta ya mwanzo: 5 − 2 = 3; 1 − (−1) = 2; −3 − 3 = −6. Basi AB = (3, 2, −6). Hapo kwenye y ndipo wengi wanapoteleza: wanaandika 1 − 1, wanapata 0, kwa kuwa alama ya hasi imemezwa. Tieni mabano kila mnapotoa namba hasi. Wengine huanza na A wakatoa B, wakapata (−3, −2, 6): urefu ni uleule, ila imegeuka nyuma.

Sasa chukueni C(−4, 0, 2). Tunataka D, ili CD iwe sawa na AB. Jumlisha AB kwenye C: D = (−1, 2, −4). Kuhakiki, tafuteni AC na BD. Zote mbili ni (−6, 1, −1), maana mishale miwili iliyo sawa, isiyo kwenye mstari mmoja, hufanya pande mbili za msambamba.

Angalieni sana majina ya pembe. Msambamba huu ni ABDC. Mtihani ukisema ABCD, herufi zinazunguka umbo, na usawa unakuwa AB = DC. Hapo D = C − AB = (−7, −2, 8), nukta nyingine kabisa! Chora umbo hata kwa mkono, uandike herufi, ndipo uanze hesabu.

Je, urefu unatosha kuamua? Urefu wa AB ni kipeuo cha pili cha 9 + 4 + 36, yaani 7. Lakini (6, 2, 3) nayo ina urefu wa 7 na inaelekea kwingine. Ncha za vekta zote za urefu huo zinazoanzia nukta moja zinajaza uso wa tufe zima, kwa hiyo urefu unaweza kukataa usawa, hauwezi kuuthibitisha. Usambamba pekee hautoshi pia: (6, 4, −12) ni sambamba na AB lakini ni ndefu mara mbili.

Kukiwa na kisichojulikana, mfano (k + 1, 2k − 2, −3k) = (3, 2, −6), mna milinganyo mitatu, si mmoja. Wa kwanza unatoa k = 2, na mingine miwili inakubali. Badilisheni ya mwisho iwe −2k: sasa z inadai k = 3, x inadai 2. Hakuna k inayofaa, na hilo ndilo jibu kamili. Anayeishia mlinganyo wa kwanza ataandika 2 kwa ujasiri, na atakuwa amekosa.

Kwa wanafizikia, neno moja zaidi. Nguvu mbili zilizo vekta sawa, zikisukuma mlango mmoja, moja karibu na bawaba na nyingine ukingoni, hazizungushi mlango kwa kiasi kimoja. Hapo pamoja na vekta ya nguvu mnahitaji pia vekta ya mahali, kutoka bawaba hadi nukta inayosukumwa.