Bibi Ndiye wa Kuzungumza Naye

MWANAISHA: Asalaam aleikum wasikilizaji, tuko hapa Mombasa. Leo twazungumzia ukeketaji wa wasichana. Da Zuhura, ulisema utaanza na basi.

ZUHURA: Waaleikum salaam. Naam, basi la Garissa. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, kina mama mtaani kwetu huulizana: fulani awapeleka wapi watoto? Ukisikia ni kwa bibi yao, wasichana waenda na wavulana wabaki, moyo washtuka. Likizo ni ndefu, kidonda chapona kabla ya shule kufunguliwa.

MWANAISHA: Lakini wengi hapa mjini husema ukeketaji si mila yetu.

ZUHURA: Kwa Waswahili na Wamijikenda si mila, kweli. Lakini jirani zetu Wasomali na Waorma tumeoana nao, tuko ukuta kwa ukuta. Nimeona mtoto wa jirani akikaa chooni karibu nusu saa. Kashonwa, kaachiwa tundu dogo tu, mkojo watoka kwa matone. Mamake yuko nje ya mlango, ameshika kopo la maji, alia bila sauti. Siku hiyo siisahau, wallahi.

MWANAISHA: Mama huyo ndiye apigaye hodi nyumba kwa nyumba sasa kupinga ukeketaji?

ZUHURA: Ndiye. Na haendi kwa mama mtoto, huenda kwa bibi, kwa kuwa neno la bibi ndilo lipitalo. Huketi mkekani, akamsaidia kuchambua mchicha, kisha amuulize: "Mama, usiku wa harusi yako ulikuwaje?" Bibi hunyamaza kitambo. Halafu huanza kusema, na akianza hamalizi. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza.

MWANAISHA: Na wanaosema "sisi twafanya sunna tu, twakata kidogo"?

ZUHURA: Huwauliza kidogo ni kiasi gani, na nani amepima. Huenda na ustadha wa madrasa, maana swali la dini lataka mwenye elimu.

MWANAISHA: Mimi sheria naipenda. Ya Kenya ya 2011, ya kupiga marufuku ukeketaji: kifungo kisichopungua miaka 3 au faini isiyopungua shilingi 200,000. Kumvusha mtoto mpaka wa nchi ili akakatwe nje ni kosa. Hata kumtukana mwanamke kwa kuwa hakukeketwa ni kosa.

ZUHURA: Hicho cha matusi ndicho nikipendacho zaidi! Wasichana wengi hukubali wembe kwa kuogopa maneno. Ila sheria peke yake, watu hujificha, wakakata watoto wadogo zaidi, wengine wakaita hata muuguzi.

MWANAISHA: Wanawake waliokeketwa nchi nzima wamepungua, kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi 15 mwaka 2022.

ZUHURA: Alhamdulillahi. Lakini usiende na wastani huo Garissa au Wajir, huko walio wengi bado wamekatwa. Kwa hivyo msikilizaji, ukiona safari huielewi, piga 116, simu ya kusaidia watoto, ni bure. Piga kabla basi halijaondoka.

MWANAISHA: Na yule mama, si ana binti mdogo?

ZUHURA: Anaye. Mwaka jana bibi mwenyewe alipiga simu, akasema mjukuu asiletwe, abaki. Saa hii yuko madrasa.